Vijana walioitwa "kazini" mwaka 1994 na vijana wanaoitwa kulitumikia taifa leo: ni nini hasa kilichobadilika Rwanda?

#1 Mwana wa Ngara

Wanajukwaa, salamu kwenu. Juma lililopita nilivuka mpaka wa Rusumo kwenda Kigali, na tangu nirudi kuna swali linaloninyima usingizi. Nalileta hapa kwa kuwa najua humu wamo Wanyarwanda, Warundi, ndugu zetu wa Goma, na Watanzania wa mpakani walioyaona mambo kwa macho yao.

Mauaji ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi yalifanywa kwa sehemu kubwa na mikono ya vijana. Interahamwe lilikuwa tawi la vijana la chama tawala cha MRND. Vijana wale walipangwa kwa vikundi, wakafundishwa, wakaimba, wakavaa sare, na walipotumwa kuua hawakuambiwa kwamba wanakwenda kuua, waliambiwa kwamba wanakwenda kazini. Leo Rwanda inawakusanya tena vijana wanaomaliza sekondari, inawapitisha kwenye Itorero, yaani mafunzo ya uzalendo, kisha inawapeleka kwenye Urugerero, yaani utumishi wa taifa, wakajenge nyumba za wasiojiweza. Nao wanapangwa kwa vikundi, wanafundishwa, wanaimba na kuvaa sare. Sisemi kwamba mambo haya mawili ni sawa, Mungu apishie mbali. Ninauliza ni kitu gani kitakachomfanya kijana wa leo akatae, siku akiitwa kwenye "kazi" ya namna ile.

Dai langu ni kwamba utumishi huu wa vijana, ulioanzishwa mara tu baada ya mauaji, ndio uliowaunganisha Wanyarwanda kuliko kumbukumbu za kila Aprili na kuliko mahakama zote. Anayepinga aniambie kwa nini.

#2 Intore wa Huye

Karibu, kaka, na asante kwa uzi. Naanza kwa kukusahihisha, kwa sababu dai lako limesimama juu ya tarehe isiyo sahihi. Kilichoanza mapema baada ya 1994 ni ingando, yaani kambi za mafunzo walizopitishwa waliorejea kutoka uhamishoni, askari wa jeshi lililoshindwa, na baadaye wanafunzi waliokuwa wakienda chuo kikuu. Itorero lilizinduliwa upya Novemba 2007, na Urugerero kwa wanaomaliza sekondari ulianza mwaka 2013. Kwa hiyo kati ya mauaji na utumishi huu unaousifu ilipita karibu miaka 20, na nchi ilikuwa imekwisha kusimama.

Tena Itorero halikubuniwa na serikali hii. Kabla ya ukoloni lilikuwa mahali ambapo vijana walifundishwa lugha, ngoma, kurusha mishale na kuipenda nchi, na urugerero ulikuwa kambi ya mpakani walikopelekwa kulinda. Jina ni la kale, kazi yake ndiyo mpya.

Sasa nikupe niliyoyaona mwenyewe. Katika kikundi chetu tulikuwa vijana kumi na wanne, tukapewa kumjengea nyumba mama mmoja mzee aliyenusurika, ambaye mume na watoto wake wote waliuawa. Tulifyatua tofali za udongo, zile tunazoziita rukarakara, na kila jioni mama yule alitoka na fimbo yake akazihesabu moja moja, kisha akatuambia ngapi zimepasuka. Katika sisi alikuwamo kijana ambaye baba yake alikuwa gerezani kwa makosa ya mauaji yaliyofanyika kwenye kilima hicho hicho. Siku ya tatu mama alimsimamisha akiwa na dumu la maji kichwani, akamuuliza, "Wewe ni wa nani?" Yule kijana alimtaja baba yake bila kuficha. Wote tuliacha kukanyaga udongo. Mama alilishusha lile dumu, akayatazama maji, akasema, "Haya ni ya kisima cha chini, yana tope. Nenda kateke kule juu." Hakusema zaidi siku ile. Mimi sijui kama huo ni umoja, lakini kijana alikwenda kule juu, na kesho yake alirudi kazini.

#3 Bwana Sheria

Intore, kisa chako kimenigusa, lakini naomba tusisahau ni nini kilichomwezesha kijana yule kutaja jina la baba yake bila kuogopa kuuawa. Kabla ya 1994 jina halikuwa na haja ya kutajwa, kwa sababu lilikuwa kwenye kitambulisho. Wabelgiji ndio walioanza kuandika Mhutu, Mtutsi au Mtwa kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930, serikali za baada ya uhuru zikaendelea nalo, na mwaka 1994 karatasi ile ilikuwa hukumu ya kifo kwenye kila kizuizi cha barabarani. Kufutwa kwa mstari ule mmoja kumeokoa watu wengi kuliko semina zote.

Halafu kuna Gacaca, mahakama za wananchi vijijini. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha tangu azimio la Novemba 1994 hadi ilipofungwa Desemba 2015 iliwafungulia mashtaka watu 93. Mahakama za Gacaca, takriban 12,000 nchi nzima, zilisikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili hadi zilipofungwa Juni 2012. Watu walikaa kwenye nyasi, mbele ya majirani zao waliochaguliwa kuwa waamuzi, wakaeleza nani alimuua nani na mwili uko wapi. Bila hayo, mama yule angemuuliza kijana "wewe ni wa nani" na asijue jibu lina maana gani.

Kwa hiyo jibu langu kwa Mwana wa Ngara ni sheria kwanza, utumishi baadaye.

#4 Mama Wawili Kigali

Ndugu zangu, mnazungumza kama watu waliokwisha kuzika. Mimi nilikuwa na miaka tisa mwaka 1994, na sehemu ya wazazi wangu nimeizika nikiwa mtu mzima, baada ya mtu mmoja kusema kwenye Gacaca walikotupwa. Bwana Sheria ana haki kuhusu hilo. Lakini hukumu ilipotoka nilirudi nyumbani peke yangu, na hakuna sheria iliyonipikia uji usiku ule.

Walionipikia ni AERG. Kwa wasioijua, ni chama cha wanafunzi walionusurika, kilichoanza mwaka 1996 kwenye chuo kikuu cha taifa kule Butare. Yatima walijigawa kwa familia. Mmoja alichaguliwa kuwa baba, mwingine mama, wengine watoto, ingawa "baba" mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba yangu wa AERG alinizidi miaka mitatu. Ndiye aliyekuja shuleni nilipofeli hesabu, na ndiye aliyekaa upande wa wazazi siku ya posa yangu na kujadili mahari kwa sauti nzito ya mzee. Hadi leo watoto wangu wanamwita babu.

Na chama hicho hicho, pamoja na ndugu zake wa GAERG waliokwisha kumaliza masomo, huwa na siku za kwenda vijijini kukarabati nyumba za wajane, kusafisha makaburi ya kumbukumbu, na kuwapelekea ng'ombe watu waliowaficha Watutsi wakati wa mauaji. Huo ni utumishi wa vijana pia, kaka wa Ngara, na haukusubiri mwaka 2013 wala kuagizwa na mtu. Ulitoka ndani ya kukumbuka. Ndiyo maana nasema huwezi kuweka kumbukumbu upande mmoja na utumishi upande mwingine, kisha ukazipima.

#5 Kilimasera

Nasoma kwa makini. Mimi ni Mtanzania niliyepita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, na nakubali kwamba kulala bweni moja na Mmakonde, Mchaga na Msukuma kulinifundisha kitu ambacho kitabu hakikunifundisha. Sisi tulianza mwaka 1963, tukasimamisha utaratibu wa lazima mwaka 1994, tukaurudisha mwaka 2013, ambao kumbe ndio mwaka wa Urugerero. Lakini JKT ilitukuta tukiwa majirani wasiojuana. Urugerero unawakuta majirani wanaojuana mno. Sidhani kama dawa ni moja.

#6 Mpita Njia Goma

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Nitasema kwa uangalifu, na naomba nisieleweke vibaya: mauaji ya kimbari yalikuwa dhidi ya Watutsi, yalipangwa, na anayekana hilo anawaua wafu mara ya pili. Nimeona mwenyewe Julai 1994 jinsi watu walivyomiminika Goma, karibu milioni moja kwa siku chache, na wauaji wakiwa ndani yao na silaha zao. Kipindupindu kiliwafagia maelfu kwenye mawe ya volkano ambako hata kaburi halichimbiki. Miaka miwili baadaye vita vilitufikia sisi Wakongo, na hadi leo hatujapumzika.

Hoja yangu ni kwamba wako Wanyarwanda, wengi wao wakiwa wakulima Wahutu wasio na hatia, waliopoteza ndugu katika miaka ile kwa njia nyingine, wakati wa vita au kwenye misitu ya kwetu. Hawana siku ya kulia hadharani. Kijana aliyezaliwa katika nyumba hiyo anapelekwa Itorero, anaimba umoja, kisha anarudi nyumbani kwenye kiti cha mjomba kisichotajwa. Je, umoja huo umeungana au umenyamaza?

#7 Mama Wawili Kigali

Mpita Njia, nimelisoma jibu lako mara tatu kabla ya kushika simu, na nashukuru kwa sentensi yako ya kwanza, kwa sababu wengi hawaianzi hivyo. Sikatai kwamba watu hao walikufa, wala simzuii mtu kumlilia mjomba wake. Lakini elewa kinachotutia hofu. Kila mwaka, Aprili inapokaribia, wako wanaoleta vifo hivyo ili kusema "wote waliuana", na sentensi hiyo ikimaliza kusemwa, wazazi wangu wanakuwa hawakuuawa na mtu yeyote. Ndiyo maana Umoja wa Mataifa mwaka 2018 uliandika wazi katika jina la siku ya tarehe 7 Aprili kwamba ni mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Tulipigania jina hilo. Likilegea kidogo, tunapoteza yote.

Kuhusu kunyamaza, nakubali kunyamaza kupo. Hata sisi tulinyamaza. Watoto wangu waliponiuliza kwa nini hawana bibi, ilinichukua miaka minne kuwajibu.

#8 Mpenda Maneno, Mombasa

Samahani kwa kuingilia, nitarudi kwenye hoja upesi. Nimeona wote tunaandika "mauaji ya kimbari", nami nimejiuliza kama neno hilo linakaa sawa kwa Rwanda. Mbari kwa Kiswahili ni ukoo, watu wa nasaba moja. Je, Wahutu na Watutsi ni mbari mbili? Wanazungumza lugha moja, walimwabudu Mungu mmoja, Imana, na waliishi kwenye vilima vilevile. Wataalamu wa Kinyarwanda watusaidie.

#9 Intore wa Huye

Mpenda Maneno, hukuingilia hata kidogo, umegusa mfupa wenyewe. Mbari kama unavyoieleza ndiyo tunayoiita ubwoko: Abasinga, Abazigaba, Abanyiginya, Abega, Abasindi na wengineo. Na ndani ya kila ukoo wamo Wahutu, Watutsi na Watwa pamoja. Babu yangu alipoulizwa ubwoko wake alijibu "Umuzigaba", na hakuelewa karani alitaka nini zaidi. Baadaye neno lile lile la ubwoko likageuzwa kuwa la kabila kwenye kitambulisho alichokitaja Bwana Sheria. Kwa hiyo mwaka 1994 watu wa mbari moja waliuana kwa sababu ya neno lililokuwa limebadilishwa maana. Sisi kwa Kinyarwanda tunasema jenoside tu, pengine ndiyo salama zaidi. Watu wa Mombasa huwa mnatukosoa Kiswahili chetu cha Kigali, lakini leo nakiri mmetusaidia.

#10 Bwana Sheria

Na hapo ndipo Ndi Umunyarwanda, mpango wa mwaka 2013 wenye maana ya "Mimi ni Mnyarwanda", unapopata nguvu yake. Haukuleta kitu kigeni. Umerudisha kilichokuwapo kabla ya karani.

#11 Mtoto wa 1996

Nimekuwa nikisoma bila kuandika, lakini Bwana Sheria amenifanya nijisajili. Mimi nimepita Itorero, nimehudhuria mijadala ya Ndi Umunyarwanda, na kila Aprili nimekaa kwenye mazungumzo ya kijiji. Naijua historia kwa tarehe. Ninachotaka watu wazima humu wakijue ni kwamba kuna shule mbili Rwanda, ya mchana na ya jikoni. Ya mchana inasema sisi ni wamoja. Ya jikoni haisemi chochote, ila mama yangu hubadilisha sauti jina la jirani fulani linapotajwa, na shangazi huuliza mchumba wangu "ametoka upande gani", kisha hujidai aliuliza mkoa.

Walimu wetu hupenda kusema igiti kigororwa kikiri gito, nanyi Waswahili mnasema samaki mkunje angali mbichi. Lakini hata kabla ya 1994 samaki walikunjwa wangali wabichi. Walimu waliwasimamisha watoto wa Kitutsi darasani ili wahesabiwe. RTLM, ile redio ya chuki iliyoanza kutangaza Julai 1993, iliwapenda vijana, iliwapigia muziki mzuri na kuwatania kama rafiki. Kwa hiyo kufundishwa mapema peke yake si kinga. Inategemea mkono unaokunja. Na kijana aliyezoea kukunjwa atajuaje kwamba mkono umebadilika?

#12 Mwana wa Ngara

Naandika nikiwa nimenyamazishwa, kwa heshima. Nakubali sahihisho la Intore kuhusu tarehe.

Mtoto wa 1996, swali lako la mwisho ndilo nililotaka kuuliza bila kujua namna. Nami nieleze kwa nini linanisumbua. Nilikuwa darasa la tano mwishoni mwa Aprili 1994. Ndani ya siku moja na usiku wake waliingia Ngara watu wapatao robo milioni kupitia daraja la Rusumo. Baba alikuwa akiwapelekea maji kwa baiskeli, nami nilimfuata. Upande wa darajani kulikuwa na rundo la mapanga, mashoka na marungu ambayo askari wetu waliwaamuru wayaache kabla ya kuingia. Lilikuwa refu kunizidi. Nilimuuliza baba kwa nini wakulima wengi hivi wamekuja na zana za shamba na hawakuja na mbegu. Hakunijibu. Chini ya daraja, kwenye maporomoko ya Kagera, miili ilikuwa ikizunguka mahali pamoja kama magogo, na miezi kadhaa baadaye watu wengi kwetu hawakula samaki.

Kilichonishangaza nikiwa mtoto ni kwamba wakimbizi wale wahanga walipofika kambi ya Benaco walikuwa na viongozi wao, mabalozi wao wa nyumba kumi, kila kitu kimepangwa vilevile.

#13 Mkweli wa Muyinga

Mwana wa Ngara, hapo kwenye "wakimbizi wale wahanga" naomba tuweke sawa, kwa kuwa vijana wanasoma. Wengi waliovuka Rusumo siku zile hawakuwa wakiwakimbia Interahamwe, walikuwa wakilikimbia jeshi la RPF, waasi waliokuwa wakipigana na serikali ile, lililokuwa likisonga mashariki. Walikuwamo wanawake, watoto na wakulima wasio na damu mikononi, na walikuwamo wauaji pamoja na viongozi wao. Ndiyo maana rundo lako la mapanga lilikuwa refu, na ndiyo maana kambi ile ilipangika vilevile. Watutsi wengi wa Kibungo, upande ule wa mashariki mwa Rwanda, hawakufika darajani wakiwa hai.

Lakini nimekuja kwa jambo lingine, nalo linawahusu wote kuanzia #1. Nyange.

Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 waasi wenye silaha waliingia shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi huku. Wanafunzi walikataa, wakajibu kwamba wote ni Wanyarwanda. Waliambiwa tena, wakakataa tena. Wakapigwa risasi na kutupiwa maguruneti, baadhi wakafa, wengine wakabaki na ulemavu. Leo wote, waliokufa na walio hai, ni mashujaa wa taifa wa daraja la Imena, na hukumbukwa kila tarehe 1 Februari.

Sasa tazameni tarehe. Mwaka 1997 hapakuwa na Itorero. Hapakuwa na Urugerero wala Ndi Umunyarwanda. Gacaca zilikuwa hazijaanza. Tume ya umoja na maridhiano iliundwa mwaka 1999. Karibu kila mlichokitaja humu kama sababu kilikuwa hakijazaliwa, na wale watoto walikataa.

#14 Kilimasera

Mkweli, umetufunga midomo. Jibu langu la haraka ni bweni. Walikuwa wamelala pamoja, wamekula maharage ya sufuria moja, wamefaulu na kufeli pamoja. Askari yeyote atakwambia kwamba mtu hafi kwa ajili ya bendera, hufa kwa ajili ya aliyelala kitanda cha jirani.

#15 Mama Wawili Kigali

Kilimasera, natamani iwe hivyo, lakini mwaka 1994 nako kulikuwa na mabweni. Kulikuwa na kwaya ambazo nusu yake iliua nusu nyingine. Na Nyange hiyo hiyo ina historia nyingine. Aprili 1994 Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisa la Nyange, na kanisa likabomolewa juu yao kwa tingatinga. Padri wa parokia ile, Athanase Seromba, alihukumiwa Arusha kwa hilo, na kwenye rufaa mwaka 2008 akapewa kifungo cha maisha. Kwa hiyo mahali pale pale, ndani ya miaka mitatu, watu wazima waliangusha kanisa na watoto wakakataa kutengana. Kuishi pamoja kulikuwapo mara zote mbili.

#16 Bwana Sheria

Ila mara ya pili kulikuwa na serikali iliyowaambia wananchi kwamba kutengana ni kosa, na mara ya kwanza serikali ndiyo iliyoamuru mauaji. Sheria huwa haijaandikwa bado, lakini watu hujua upepo unavuma wapi. Naona Nyange inaniunga mkono kuliko inavyonipinga.

#17 Mtoto wa 1996

Bwana Sheria, kwa heshima, serikali haikuwa chumbani usiku ule. Waliokuwa chumbani ni wenye bunduki, na upepo wa chumba kile ulivuma upande mwingine kabisa. Mwanafunzi wa Kihutu aliyesimama upande wake angeishi. Hiyo ilikuwa sheria pekee iliyokuwapo kwa dakika zile.

Mimi nimewahi kumsikiliza mmoja wa walionusurika alipokuja kuzungumza shuleni kwetu. Tulimuuliza nani aliyewafundisha. Alikaa kimya, kisha akasema walikuwa wamechoka. Walikuwa wameona 1994 wakiwa wadogo, wakaona kilichowapata waliojitenga na waliotengwa, na hakuna aliyetaka kukiona tena. Sikuandika maneno yake, lakini maana yake ilikuwa hiyo. Basi labda ni kumbukumbu, ila kumbukumbu ya macho, ambayo sisi tuliozaliwa baadaye hatuna. Na hapo ndipo woga wangu ulipo, kwa sababu Wanyarwanda wengi walio hai leo ni kama mimi.

#18 Mpita Njia Goma

Kijana, umesema vizuri, nami nitaongeza mfano mmoja unaonipa tabu na matumaini kwa pamoja. Gisenyi, hatua chache kutoka kwetu, aliishi Félicité Niyitegeka, mtawa asiye wa shirika, Mhutu. Aliwaficha Watutsi na kuwavusha usiku kuja upande wetu. Kaka yake alikuwa afisa wa jeshi, akamtumia ujumbe ajiokoe. Alikataa kuwaacha watu wake, akauawa pamoja nao Aprili 1994. Yeye naye ni wa daraja la Imena. Hakuwa amechoka kwa kuona mauaji, kwa sababu ndiyo kwanza yalikuwa yameanza. Basi kukataa kunatoka wapi? Katika imani? Mapadri wengine walikuwa na imani hiyo hiyo.

#19 Intore wa Huye

Nimerudi kwa sababu wengi mmeniandikia faragha mkiuliza habari za mama na yule kijana wa dumu. Nyumba ilikwisha baada ya miezi miwili. Tulipomkabidhi ufunguo, alimpa kijana yule kazi ya kuja kila Jumamosi kukata majani ya mbuzi, kwa malipo. Alisisitiza malipo. Mwaka uliofuata nilimuuliza kijana kama anaendelea, akasema anaendelea, na kwamba mama bado humhesabia mafungu. Baba yake alipotoka gerezani hakwenda kule. Sijui wameshakutana au la.

Nasema haya kwa sababu naona wengi mnautetea au mnaupinga Urugerero kama jambo moja. Katika kikundi chetu wako waliokuja kutafuta cheti tu, na saa sita mchana walikuwa wamekwisha kutoroka. Utumishi uliwapa wote udongo uleule. Mmoja tu ndiye aliyeulizwa "wewe ni wa nani".

#20 Mpenda Maneno, Mombasa

Na alijibu. Kwangu mimi swali la uzi huu limehama. Swali la kukataa kunatoka wapi tumeshindwa kulijibu, lakini Intore ametuonyesha namna mtu anavyojibu.

#21 Mwana wa Ngara

Nashukuru wote. Dai langu la #1 limepasuka kama tofali za yule mama, na sina lingine la kuweka mahali pake. Mkweli wa Muyinga, sahihisho lako kuhusu Benaco nimelipokea. Nimempigia baba, ana miaka themanini na moja, nikamweleza. Akasema alijua tangu siku ile, na ndiyo maana hakunijibu.

Nina ombi kwa Mama Wawili. Aprili ijayo nataka kuja na mwanangu wa kidato cha nne tukeshe nanyi kwenye usiku wa kumbukumbu. Je, wageni wanaruhusiwa, na nimwandae vipi mtoto?

#22 Mama Wawili Kigali

Mnakaribishwa, kaka. Tarehe 7 asubuhi mwenge huwashwa Gisozi, kwenye makaburi ya kumbukumbu ya Kigali, ambako wamelala watu zaidi ya 250,000, lakini mkiwa na mtoto njoni kijijini kwetu, Bugesera, ni karibu zaidi na watu. Kwa wiki nzima hakuna harusi wala muziki wa baa. Vaeni nguo tulivu. Zamani tulivaa zambarau, siku hizi rangi ni kijivu, ya majivu. Moto utawashwa uani, mtu mmoja atasimulia, wengine watakaa kimya, na inaweza kuchukua hadi alfajiri. Chukueni makoti, Aprili ni ya mvua.

Mwambie mwanao jambo moja mapema. Katikati ya masimulizi huenda mwanamke mtu mzima akapiga kelele na kuanza kukimbia kana kwamba anafukuzwa, au akaanguka akashindwa kuvuta pumzi. Sisi tunaita ihahamuka. Asicheke, asipige picha, na asikimbie. Wako vijana waliofunzwa, watamshika mgongo na kumpeleka pembeni. Mkubwa wangu yumo kati yao mwaka huu. Mwanao akiweza, abebe maji.

#23 Mwana wa Ngara

Atabeba. Nitakuandikia faragha tukishapata tiketi za basi.